Funguo za tovuti ya ofisi ziko kwa nani? Mwongozo kwa ofisi ndogo za Mtwara na Lindi

Ilikuwa Oktoba, minada ya korosho imeshaanza na malori yanaingia mjini kwa foleni, tovuti ya ofisi yetu ya usafirishaji hapa Mtwara ikatoweka. Palipokuwa na picha za malori na namba zetu za simu pakawa na ukurasa mweupe wenye matangazo ya kigeni. Barua pepe za ofisi nazo zikakata siku hiyohiyo. Mzee akaniita mezani kwake.

"Kijana, mteja wa Dar anasema barua zake zinamrudia. Ulilipia hicho kitu?"

"Shikamoo mzee. Nililipia tangu Juni, risiti ninayo."

"Marahaba. Sasa mbona hakuna kitu?"

Risiti ilikuwa ya kweli. Nililipia hostingi, yaani nafasi ya kuiweka tovuti mtandaoni. Kilichokufa kilikuwa jina la tovuti, ambalo hulipiwa kivyake, na ambalo fundi aliyetutengenezea tovuti alilisajili kwa akaunti yake, barua pepe yake na laini yake, kisha akahamia Dodoma na kubadilisha namba. Maonyo ya kuisha muda yalitumwa, tena zaidi ya mara moja, kwenye sanduku la barua ambalo hata yeye mwenyewe alishaacha kulifungua. Siku 19 zilipita mpaka tukampata kupitia shemeji yake wa Masasi.

Tangu hapo nimekaa na ofisi kadhaa za mjini, Mikindani na Lindi kutazama mambo yao. Watu huanza kwa kuuliza hostingi ipi ni nzuri na nywila iwe na herufi ngapi. Mimi huanza na swali jingine: leo ukibonyeza "nimesahau nywila", ujumbe unakwenda kwa nani? Mwongozo huu unafuata swali hilo.

Hatua ya 1: Andika funguo zote kwenye karatasi moja

Tovuti ndogo ya ofisi huwa na milango minne, na wengi hudhani ni mmoja. Ukitaka kuielewa, fikiria duka. Jina la tovuti, yaani kikoa, ni kile kibao cha nje. Hostingi ni fremu uliyopanga: seva ya mtu, yaani kompyuta inayowaka muda wote mtandaoni na kutunza mafaili yako. WordPress, au programu nyingine yoyote iliyotumika kujenga kurasa, ni shelfu na bidhaa ndani ya fremu. Mlango wa nne ni barua pepe ambayo hiyo mitatu yote huitumia kukutambua ukisahau nywila. Kibao na fremu vinaweza kulipiwa kampuni mbili tofauti, kwa tarehe tofauti. Sisi tulikuwa hivyo na hakuna aliyejua.

Kwa kila mlango andika kampuni, jina la kuingilia, barua pepe iliyosajiliwa, namba ya simu inayopokea ujumbe wa uthibitisho, tarehe ya kuisha muda, na nani analipa. Nywila usiiandike hapo.

Safu ya namba ya simu ndiyo iliyotutoa jasho. Tulikuta namba tatu: moja ya fundi, moja ya mzee, na ya tatu ya dada aliyekuwa keshia wetu, ambaye alikuwa ameshaacha kazi na kurudi kwao Nachingwea. Laini zimesajiliwa kwa alama za vidole na kitambulisho cha NIDA, kwa hiyo hata ukitaka kuirudisha hiyo laini, ofisi haina la kufanya. Ni yake. Namba ya ofisi isajiliwe kwa jina la kampuni, na kama hilo bado halijawezekana, basi kwa jina la mwenye mali. Isiwe ya mfanyakazi, hata awe mwaminifu kiasi gani.

Hatua ya 2: Fungua barua pepe mama, nje ya jina la tovuti

Hapa ndipo wengi wanajifungia nje. Ofisi inakuwa na anwani nzuri inayoishia na jina la kampuni, na wanaitumia hiyohiyo kufungulia akaunti ya kikoa na ya hostingi. Siku jina likiisha muda, barua pepe hiyo inakufa nalo. Unabonyeza "nimesahau nywila", na ujumbe wa kukuokoa unatumwa kwenye anwani isiyokuwepo. Ni kama kufunga nyumba ukaacha ufunguo mezani ndani.

Fungua akaunti moja ya Gmail au Outlook kwa ajili ya kazi hii tu. Usiitumie kuandikia wateja wala kujiandikisha mitandaoni. Iwe na watu wawili wanaoweza kuifikia, mwenye mali na msimamizi mmoja, na ujumbe wake upelekwe pia kwenye anwani mnazofungua kila siku ili maonyo ya malipo yaonekane. Kisha ingia kwenye kila mlango katika karatasi yako na ubadilishe anwani iwe hiyo. Ni kazi ya asubuhi moja.

Hatua ya 3: Rudisha jina mikononi mwako

Nenda kwenye ukurasa wa kutafuta usajili wa ICANN, shirika linaloratibu majina ya tovuti duniani, lookup.icann.org, uandike jina lako kama linaishia .com au .org. Jina la mmiliki mara nyingi limefichwa kwa faragha, ila utaona msajili, yaani kampuni iliyouza jina hilo, ni nani na muda unaisha lini. Majina ya .tz yako chini ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya nchi, na huuzwa na wasajili walioidhinishwa: .co.tz ni ya biashara, .or.tz ya asasi, .sc.tz ya shule, .ac.tz ya vyuo.

Kama limesajiliwa kwa akaunti ya fundi, mwombe alihamishie kwenye akaunti yenu kwa msajili huyohuyo. Hilo ni jepesi kuliko kuhamia kwa msajili mwingine, maana jina la .com likibadilishiwa msajili au mmiliki linaweza kufungwa siku 60 lisihamishwe tena. Zungumza naye kwa heshima. Mafundi wengi hawakuiba kitu. Walitumia akaunti yao kwa sababu siku ile hakuna mtu wa ofisini aliyekuwa na kadi ya kulipia mtandaoni. Wetu alipopatikana aliomba radhi, akaingia, tukalipa, na jina likarudi baada ya saa chache.

Tulibahatika kulikuta bado kwa msajili. Jina la .com likishafutwa na msajili kuna siku 30 za kulikomboa, kwa ada inayouma, halafu siku 5 za kusubiri, kisha liko huru kwa yeyote anayelitaka duniani.

Likisharudi, lilipie miaka kadhaa mbele. Kwa .com unaruhusiwa hadi miaka 10. Na kama unalipia mwaka mmoja mmoja, tarehe ya malipo iangukie wakati ofisi ina hela. Kwa sisi wa huku hiyo ni Novemba au Desemba. Machi kila mtu analia.

Hatua ya 4: Pima hostingi kabla ya kulipa

Nimehama hostingi mara mbili, na nimejifunza kutosoma matangazo yao kama Msahafu. "Nafasi bila kikomo" huwa na kikomo: seva nyingi za kuchangia huhesabu idadi ya mafaili, na kila barua pepe iliyohifadhiwa ni faili. Tovuti yetu ilikuwa ndogo kabisa, lakini barua za miaka mitatu na viambatisho vya hati za mizigo ziliijaza hesabu hiyo, na siku moja hakuna kilichoweza kupakiwa tena. Vivyo hivyo "kupatikana kwa asilimia 99.9": fanya hesabu, ni karibu saa 8 na dakika 45 za kuzimika kwa mwaka, na wakizidisha hapo fidia yake mara nyingi ni punguzo dogo kwenye ankara ijayo.

Kipimo changu ni hiki. Jumamosi jioni, kabla sijalipa hata senti, nawaandikia kitengo cha msaada swali moja: "Nikitaka kurudisha tovuti ilivyokuwa juzi, nafanya mwenyewe au mnanifanyia, na mnatoza?" Halafu naangalia saa. Kampuni niliyonayo sasa ilijibu baada ya dakika 40, kwa sentensi tatu zinazoeleweka. Ile ya kwanza, ambayo sitaitaja, ilijibu Jumanne kwa kunitumia kiungo cha ukurasa wa bei.

Uliza pia bei ya mwaka wa pili, kwa sababu ile ya kwanza ni chambo. Uliza kama cheti cha usalama, kile kinacholeta alama ya kufuli kwenye kivinjari, ni bure. Tangu Let's Encrypt ianze kuvitoa bila malipo, mwishoni mwa 2015, sioni sababu ya ofisi ndogo kuuziwa cheti cha kawaida.

Seva iwe Dar au Ulaya? Tazama wageni wako ni nani. Mei 2024 ilitufundisha. Mwanzoni mwa mwezi kimbunga Hidaya kilipiga pwani yetu na barabara ya Dar ikakatika upande wa Somanga. Tarehe 12 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zikakatika upande wa Afrika Kusini, na intaneti ya nchi nzima ikawa ya kuvizia. Tovuti zilizoko nje tulizifungua kwa taabu, wakati mgeni wa Ujerumani aliyetaka chumba Mikindani alikuwa anaifungua tovuti ya nyumba ya wageni, iliyoko kwenye seva ya Ulaya, bila shida. Kwa hiyo kama wateja wako ni watalii, Ulaya ni sawa. Kama ni wakulima na vyama vya msingi kuanzia Newala hadi Liwale, tafuta seva iliyoko Dar.

Hatua ya 5: Bakapu isilale nyumba moja na tovuti

Tarehe 10 Machi 2021 kituo cha seva cha OVHcloud kule Strasbourg, Ufaransa, kilishika moto, na jengo moja likateketea lote. Wateja waliokuwa na nakala rudufu ndani ya kituo hichohicho walipoteza tovuti pamoja na nakala. Kwa hiyo kila mwisho wa mwezi shusha nakala kamili, mafaili na hifadhidata, uiweke kwenye diski ya nje ya ofisini na nyingine kwenye hifadhi ya mtandaoni isiyo ya kampuni ileile ya hostingi. Kwa bando letu fanya usiku. Na mara moja kwa mwaka jaribu kuirudisha kwenye kompyuta nyingine. Bakapu ambayo hujawahi kuifungua usiitegemee.

Hatua ya 6: Nywila

Nikiingia ofisi ngeni hujaribu kubashiri kabla ya kuambiwa. Korosho2024. Mtwara123. Jina la kampuni, alama ya @, na mwaka. Nikikosa hayo natazama chini ya kibodi, na kwenye ofisi moja ya Lindi niliikuta nywila hapohapo, kwenye kipande cha boksi la chai, kimebandikwa kwa gundi ya karatasi, kimeandikwa kwa wino wa bluu na kurekebishwa mara nne. Ilikuwa namba ya mwisho tu inayobadilika: 1 imekatwa, 2 imekatwa, 3 imekatwa, 4. Bosi wao alikuwa ameagiza nywila ibadilishwe kila mwezi, na watu wakatii agizo.

Wala siwalaumu. Ushauri huo ulienezwa sana na mwongozo wa taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, uliotoka mwaka 2004. Mwaka 2017 taasisi hiyohiyo iliacha kuutaka, na mwandishi wa ule wa kwanza, Bill Burr, akakiri kwamba anajutia mengi aliyoyaandika. Kubadilisha kwa kalenda huzaa namba zinazopanda tu. Badilisha mtu anapoondoka, simu inapopotea, au unapojua nywila imevuja.

Ya kutengeneza ni rahisi. Chukua kamusi ya Kiswahili. Mwenzako ataje namba ya ukurasa bila kuangalia, wewe weka kidole bila kuangalia, andika neno. Fanya hivyo mara tano. Mfano: *kifuu bamba tarumbeta uduvi shazia*. Hiyo usiitumie, imeshasomwa na watu. Usichague maneno kwa kupenda, kwa sababu ukiachwa uchague utaandika korosho. Methali, aya na mstari wa wimbo usitumie pia, hata ikiwa mirefu, kwa sababu wanaovunja nywila wana orodha za misemo.

Jambo dogo linalosumbua wenye Kiswahili tu: epuka maneno ya ng', kama ming'oko. Ukiandika kwenye Word kisha ukanakili, ile alama hugeuzwa kuwa ya kupinda, na kompyuta inaihesabu kuwa herufi nyingine kabisa. Nilipoteza saa nzima kwa *ng'onda*, nikiamini nimesahau nywila, kumbe nilikuwa naiandika sawasawa.

Kila mlango uwe na nywila yake. Nywila ya barua pepe mama isitumike popote pengine, kwa sababu tovuti nyingine ikivuja wezi huijaribu kwingine kote. Ukitaka kujua kama anwani yako imo kwenye uvujaji unaojulikana, iandike kwenye Have I Been Pwned, huduma ya bure iliyoanzishwa na Troy Hunt wa Australia mwaka 2013.

Hatua ya 7: Zitunze wapi?

Kundi la WhatsApp la ofisi ndilo kasha baya kuliko yote. Nywila inabaki humo miaka, inaingia kwenye kila simu mpya, na mtoto wa mtu anaichungulia akitafuta katuni. Kivinjari cha kompyuta ya kaunta kinafuatia. Kama Windows haina nywila ya kuingilia, yeyote anayekaa kwenye kiti hicho anafungua mipangilio, anabonyeza alama ya jicho, na orodha nzima iko mbele yake.

Tumia programu ya kutunza nywila. Bitwarden ina toleo la bure na inafanya kazi kwenye simu na kompyuta. KeePassXC huhifadhi kila kitu kwenye faili moja iliyofungwa isiyohitaji intaneti, na kwa ofisi ambayo mtandao wake unategemea upepo mimi napendelea hiyo. Unakumbuka nywila moja tu ya maneno matano.

Na karatasi? Watu hushangaa nikisema sina ugomvi nayo. Mdukuzi aliyeko nje ya nchi hawezi kufungua sefu ya mzee. Daftari lililofungiwa na hati za magari ni salama kuliko WhatsApp mara kumi. Ubaya wa kile kipande cha boksi la chai ulikuwa kukaa chini ya kibodi, mbele ya kila mteja anayeegemea kaunta.

Hatua ya 8: Uthibitisho wa hatua mbili

Huu ni ule mpango wa kuombwa namba ya muda baada ya nywila. Washa kwenye barua pepe mama kwanza, kisha kikoa, kisha hostingi. Chagua programu ya simu inayotoa namba mpya kila sekunde 30, kama Google Authenticator, kuliko ujumbe wa simu. Namba hizo huzalishwa ndani ya simu yenyewe, kwa hiyo hata ukiwa Tandahimba ndani bila bando zinatoka. Kinachotakiwa ni saa ya simu iwe sahihi, na ukiona zinakataliwa angalia hapo kwanza. Ile misimbo ya dharura unayopewa siku ya kuwasha ichapishe, iingie sefuni na daftari. Simu huanguka baharini.

Hatua ya 9: Stationari

Hili nalijua kwa sababu nilifanya kazi stationari ya karibu na soko kabla ya ofisi hii. Mtu anakuja mbio na barua ya maombi, anaingia kwenye barua pepe yake ili tumchapie, analipa, anaondoka. Wakati wa kufunga nilikuwa nazunguka kompyuta moja moja kuwatoa watu kwenye akaunti zao, na jioni moja nilikuta tatu, mojawapo ya mhasibu wa ofisi kubwa tu hapa mjini. Kivinjari kilikuwa kinauliza kwa upole: "Hifadhi nywila?" Na alikuwa amebonyeza ndiyo.

Ukitaka kuchapa, jitumie hati kwenye anwani ya stationari au beba flashi. Akaunti ya hostingi na barua pepe mama zisifunguliwe kabisa kwenye kompyuta ya watu. Ikibidi, tumia dirisha la faragha la kivinjari (incognito), na ukirudi ofisini badilisha nywila.

Hatua ya 10: Siku mtu anapoondoka

Kazi hii inakuwa nyepesi kama kila mtu alikuwa na akaunti yake. Ndani ya WordPress mpe anayepakia picha nafasi ya mhariri, na usimamizi ubaki kwa watu wawili. Akiondoka unafuta jina lake tu. Kama mlikuwa mnachangia nywila moja, basi zote alizozijua zinabadilishwa siku ileile, kabla soda za kumuaga hazijaisha. Yeye mwenyewe mwambie, asijione anashukiwa. Ni kinga yake pia, kwa sababu Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inaharamisha kuingia kwenye mfumo bila idhini, na kitu kikiharibika mwezi ujao jina lake halitakuwa la kwanza kutajwa. Na kama tovuti inakusanya majina na namba za wateja, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inaibebesha ofisi jukumu la kuzilinda, awepo au asiwepo.

Mpangilio tunaofuata sasa: barua pepe mama, kikoa, hostingi, WordPress, Wi-Fi ya ofisini, mwisho akaunti za mitandao ya kijamii. Kwenye barua pepe na WordPress kuna sehemu ya kuviondoa vifaa vyote vilivyokwisha kuingia. Ibonyeze, maana mara nyingine nywila ikibadilishwa simu ya zamani hubaki ndani. Kisha rudi kwenye ile karatasi ya hatua ya kwanza, tazama safu ya namba za simu, na ukate namba yake mwenyewe akiwa bado amekaa hapo pembeni, ili kama kuna ujumbe wa uthibitisho unaotakiwa kutoka kwenye laini yake, akusomee kabla hajapanda basi la Nachingwea.